Kujitolea Kufundisha Kijijini Dodoma: Kuanzia Barua Hadi Siku ya Kuaga

Siku yangu ya tatu darasani, mtoto wa darasa la kwanza alikuja mbele ya meza akaniambia anataka malenga. Mimi nimesoma ushairi. Malenga ninayemjua ni mtunzi hodari wa mashairi. Nikabaki nimemkodolea macho. Aliyeniokoa ni dada yake wa darasa la nne, aliyekuwa anapita dirishani: "Anataka maji, mwalimu." Kwa Kigogo malenga ni maji. Mtoto alikuwa na kiu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 112 nikiwafundisha kusoma lugha ambayo wengi wao hawaisemi nyumbani.

Mwongozo huu ni kwa aliyemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira, au aliyeamua tu kwamba mwaka huu ataufanyia kazi kijijini. Hauegemei katikati. Msimamo wangu ni kwamba mwalimu wa kujitolea akishika kazi moja, yaani kuhakikisha watoto wa darasa la kwanza na la pili wanasoma kweli, atakifaa kijiji kuliko yule anayeziba pengo la vipindi kuanzia awali hadi la saba. Mengine yote ninayoyasema hapa, barua, chumba, maji, wazazi, ni ya kukuwezesha kufika kwenye kazi hiyo na kudumu nayo.

Kabla hujafunga begi

Jiulize kwanza unakwenda kwa muda gani. Wiki tatu ni matembezi. Mtoto anahitaji mwezi mzima kukuzoea, na wewe unahitaji mwezi mzima kuyashika majina. Mwaka wa shule unaanza Januari na una mihula miwili, na mapumziko marefu ya katikati huwa Juni. Kwa uchache ahidi muhula mmoja, na kama unaweza, mwaka mzima.

Kuanza Januari kuna faida yake: unapokea darasa la kwanza likiwa bichi, bila mazoea ya mtu mwingine. Lakini ujue unakoingia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ya palizi na ya ghala tupu. Watoto wanakuja na njaa. Barabara zinakatika kwenye makorongo. Ukianza Julai utakuta mavuno yameingia na watu wamechangamka, ila asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Pwani haitarajii, na kadiri Agosti inavyokaribia upepo unavuma na vumbi lake.

La pesa niseme wazi. Hutalipwa, na pengine hata posho haitakuwepo. Piga hesabu ya kodi ya chumba, chakula, maji, vocha na nauli ya kwenda mjini mara moja kwa mwezi, halafu tenga nauli ya kurudi kwenu na usiiguse hata kama umeishiwa chumvi. Na usiende ukiamini kwamba kujitolea ni tiketi ya ajira. Kunakupa uzoefu, na kunakupa barua ya kuonyesha. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuahidi kitu.

Kama hukusomea ualimu, usiombe darasa. Omba kuwa msaidizi wa mwalimu wa darasa la kwanza, umsikilizishe mtoto mmoja mmoja kusoma. Darasa la watoto mia lina kazi hiyo ya kutosha kwa watu watatu.

Barua, na njia yake

Wengi wanaanzia halmashauri. Mimi nashauri uanzie shuleni. Nenda siku moja, ukiwa umevaa vizuri, umuone Mwalimu Mkuu umuulize kama anahitaji mtu na kwa darasa gani. Akikukubali, ndipo uandike barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata. Barua iliyotoka chini na saini za watu wa chini husomwa tofauti na barua ya mgeni asiyejulikana na yeyote.

Ambatanisha nakala za vyeti zilizothibitishwa, namba ya kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka, na ukurasa mmoja unaosema unajitolea kuanzia lini hadi lini. Kisha fanya jambo ambalo mimi sikulifanya: peleka nakala mbili, na ile ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua yangu ya kwanza ilipotea kwenye ofisi moja kwa wiki tano. Kila nikienda naambiwa iko kwenye faili, faili halionekani, na mimi sina hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba niliwahi kufika pale.

Usianze kufundisha kabla ya kibali. Ukiwa darasani bila karatasi, siku mkaguzi akija anayetoa maelezo ni Mwalimu Mkuu, na wewe ndiye utakayekuwa umemponza.

Kibali kikitoka, siku ya kuripoti pita ofisi ya Mtendaji wa Kijiji kabla ya kwenda kutafuta chumba. Saini kitabu cha wageni, muombe akupeleke kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Mtu mzima asalimiwe kwanza, shida ifuate. Katika vijiji vya Wagogo, ukitoa "Mbukwenyi" badala ya kukimbilia "Habari", utaona nyuso zinavyofunguka. Ni salamu ya watu wengi au ya heshima, na mmoja wa rika lako unaweza kumpa "Mbukwa". Lakini angalia uko wapi. Mkoa una wilaya saba na lugha hazifanani: Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa utasikia sana Kigogo, Kondoa ni Kirangi, na Chemba kuna Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Usiingie Kondoa na Mbukwenyi yako uliyoikariri kwenye basi.

Chumba, maji na gari la alfajiri

Gari la kijijini mara nyingi linalala kijijini. Linaondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi alasiri likiwa na abiria, magunia, kreti za soda na mbuzi mmoja asiyetaka. Maana yake, ukienda kijijini kwa mara ya kwanza utalala huko, kwa hiyo ulizia malazi kabla. Maana yake pia kwamba dharura ya usiku ni bodaboda. Chukua namba za vijana wawili wa bodaboda siku ileile ya kwanza.

Kama kuna nyumba ya walimu yenye chumba, una bahati. La sivyo utapanga kwa mtu. Kama ni tembe, nyumba ya zamani ya Kigogo yenye paa la udongo, ina ubaridi mzuri mchana, lakini uliza paa liliezekwa lini. Mvua kubwa ya Januari haina simile na paa lililochoka. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Taa ndogo ya sola, madumu mawili ya lita 20, chandarua, na sanduku linalofungika ili panya wasisome vitabu kabla ya watoto.

Maji yaulizie kwa undani. Kuuliza "mna maji?" hakutoshi, maana utajibiwa tupo nayo. Uliza yanatoka wapi Oktoba. Kuna kijiji chenye bomba linalotoka vizuri Machi, na Oktoba watu wanafukua mchanga wa mto mkavu wakisubiri maji yajichuje kidogokidogo. Visima vingi vya kanda hii maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha. Utazoea.

Chakula ni ugali wa uwele au wa mtama, na mlenda. Ukialikwa, kula. Mlenda uliokaushwa unavutika, na mgeni asiyejua kuukata kwa tonge atachekwa mezani. Ni kicheko kizuri, na nadhani mimi nilikubalika siku ile kuliko siku niliyotambulishwa kwenye mkutano.

Wiki ya kwanza kaa nyuma

Muombe Mwalimu Mkuu wiki moja ya kukaa nyuma ya madarasa. Keti kwenye dawati au kwenye tofali, angalia. Nani anaangalia ubao na nani anaangalia mgongo wa mwenzake? Mwalimu akisema "mmeelewa?" na darasa zima likaitika "ndiyooo", ni wangapi walifungua mdomo bila kujua wameulizwa nini?

Mfuate mwalimu wa taaluma akuonyeshe azimio la kazi, mfano wa andalio la somo, ratiba na rejista ya mahudhurio. Ziandike kama wao wanavyoziandika hata kama chuoni ulifundishwa vingine. Vitabu vya kiada vikiwa vichache, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kusoma bure. Visome ukiwa mjini, maana mtandao wa kijijini unapatikana juu ya kichuguu fulani, na kichuguu hicho kina foleni. Hakikisha ni vya mtaala unaotumika sasa, kwa kuwa mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024 na makabati ya shule bado yana vitabu vya zamani.

Wazee watakuchunguza. Wengine watakuuliza kama wewe ni wa UPE, ule mpango wa zamani wa elimu ya msingi kwa wote. Wasikutie unyonge. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali iliamua kila mtoto aende shule ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakiwa kazini. Kwa mzee wa miaka sitini, mwalimu kijana asiyeajiriwa si kitu kigeni. Muulize nani alimfundisha yeye kusoma, halafu nyamaza usikilize.

Uulize pia watoto wanatoka vitongoji gani. Vijiji vingi vya hapa vilipangwa upya wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule ikajengwa katikati. Tangu hapo watu wamerudi kwenye mashamba na malisho yao. Mtoto wa miaka saba anaweza kutembea saa nzima na zaidi. Ndiyo sababu kuna shule shikizi, vyumba viwili vitatu vilivyojengwa huko mbali kwa ajili ya wadogo, na ndiko mwalimu wa kujitolea anakohitajika kuliko kote.

Sasa lililo gumu: Mwalimu Mkuu atataka kukupa hisabati ya darasa la saba. Ana haki. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Septemba, na matokeo yakiwa mabaya anaitwa yeye. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Mwalimu, wewe damu inachemka. Nakupa la saba."

"Nashukuru Mkuu kwa kuniamini. Naomba unisikilize kidogo. La saba wamebakiza miezi minane. Nikipewa la kwanza na la pili, hawa hawatakusumbua miaka sita ijayo."

"Na mwalimu wa la pili nimpeleke wapi?"

"Yeye anaijua hisabati ya juu kuliko mimi. Apande la saba, mimi nishuke. Nitamfuata kila Ijumaa anielekeze."

Alicheka, akasema atafikiria. Jumatatu nilikuwa darasa la pili asubuhi, na darasa la kwanza vipindi vya kusoma. Angalia kwamba sikukataa. Nilimletea mpango uliotatua shida yake. Ukikataliwa, chukua ulichopewa, na uombe nusu saa ya kila siku kwa wadogo.

Wapime kwanza

Usifundishe kabla hujajua nani anajua nini. Chukua daftari moja la kaunta. Andika kwenye boksi lililokatwa: mstari wa irabu na herufi kumi, mstari wa silabi kumi, maneno matano, na aya fupi ya sentensi tatu. Kaa chini ya mti, mwite mtoto mmoja mmoja. Dakika mbili zinatosha. Akikwama kwenye herufi, mwandike H. Akisoma herufi akakwama kwenye silabi, S. Halafu M ya maneno, A ya aya. Darasa la watoto mia litakuchukua siku nne au tano.

Jihadhari na wanaokariri. Nilikuwa na kijana wa darasa la pili aliyesoma ukurasa wa kitabu bila kugugumia. Nikafunika picha kwa kiganja, akasoma vilevile. Nikageuza kitabu juu chini, akaendelea kusoma. Alikuwa amelishika somo zima kwa sikio, kama wimbo wa kanisani. Ndiyo maana unatumia boksi lako na si kitabu chao.

Wakati wa kupima, angalia macho. Trakoma, ugonjwa wa vikope, umesumbua sana kanda hii, na Kongwa imejulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya kuutafiti na kuupunguza. Mtoto mwenye tongotongo na nzi machoni, au anayenakili ubaoni kitu tofauti na ulichoandika, mpeleke mstari wa mbele, na uongee na mzazi na mhudumu wa zahanati. Kopo lenye tundu na kipande cha sabuni mlangoni, wanawe uso kabla ya kuingia, vinawezekana hata kwa maji machache.

Kuwafundisha kusoma

Kosa la kwanza ninaloliona ni kufundisha majina ya herufi badala ya sauti. Mtoto anaambiwa hii ni "me", hii ni "a". Anaunganisha: me-a-me-a. Ni lini atasikia "mama" humo? Mfundishe m ya midomo iliyofungwa, mmmm, kama mtu anayeonja mboga. Kisha afungue mdomo: mmm-a. Ma. Ma-ma. Utaona jicho linavyowaka pale anapogundua kwamba ameisema kabla ya wewe kumwambia.

Anza na irabu tano, hadi azitambue zikiwa zimechanganywa. Kisha konsonanti chache zinazotumika sana. Mimi nilichagua m, k, t, n, l. Kwa herufi hizo tano na irabu tu tayari una mama, kuku, kiti, moto, meno, lima, tikiti, na baada ya wiki chache, kalamu. Usisubiri alfabeti iishe ndipo usome maneno. Mtoto asome neno lenye maana wiki ya pili.

Kwenye maneno kama mtoto na mtu kuna mtego. Herufi m ikitangulia konsonanti nyingine huwa silabi yenyewe: m-to-to, m-ti. Mtoto anayesema Kigogo nyumbani, ambako mtu huitwa munhu, atakusomea "mutu" na kuandika hivyohivyo. Hajakosea kwa ujinga, amesikia kwa sikio la kwao. Piga makofi silabi kwa silabi: m (kofi), tu (kofi). Mara kumi. Herufi mwambatano, mb, nd, nj, ny, ch, sh, ng na ng', ziache hadi silabi za kawaida zimekaa, na ng' iwe ya mwisho. Hiyo ifundishe kwa ng'ombe. Hapa hakuna mtoto asiyemjua ng'ombe.

Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Changu kilikwenda hivi. Dakika tano za wimbo wa silabi za jana. Wagogo wanajulikana kwa kuimba kwa sauti zinazopandana, na watoto wao wanaanza hilo wakiwa wadogo. Ukiwapa "ma me mi mo mu" watakugawanyia wenyewe sauti ya juu na ya chini, na wewe utabaki kupiga mguu. Dakika kumi za silabi mpya ubaoni. Dakika kumi za makundi: kundi la H linaandika kwa kidole mchangani nje ya mlango, S wanapanga kadi za maboksi, M na A wanasomeana wawiliwawili, nami napita kwa H tu. Tano za mwisho, imla ya maneno mawili. Mawili, si kumi, ili niweze kuyaona yote kwa macho wakitoka.

Kundi la H ndilo kazi yako. Hao ndio wanaokaa nyuma, wasionyoosha mkono, na kila mwalimu akipita anafundisha walio mbele kwa sababu wanaitika. Wakae mbele. Kila Ijumaa pima watoto ishirini tena, uwahamishe ngazi kwenye daftari.

Lugha ya nyumbani usiipige vita. Nilimuomba yule dada wa darasa la nne awe anakuja dakika kumi wakati wa mapumziko. Nikitaka kufundisha neno "kisima", anawaambia kwa lugha yao, wanacheka, wanaelewa, tunaendelea kwa Kiswahili. Mtoto aliyechapwa kwa kusema lugha ya mama yake hatasema Kiswahili, atanyamaza.

Kuhesabu sina mengi. Tumia mbegu za ubuyu, ambazo ni bure, ila ziwe zimeshamung'unywa, la sivyo utatoa kumi na kupokea saba. Vijiti kumi vifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kuwa "kumi" moja. Mtoto akifungua fungu mwenyewe ili apate vya kutoa, ameshaelewa kukopa bila wewe kulitaja neno hilo.

Watoto wasiokuja

Utaona rejista ina nafasi wazi. Usiseme "wazazi wa huku hawajali elimu". Soma kalenda. Januari hadi Machi ni palizi na njaa. Aprili na Mei uwele na mtama unapokomaa, watoto wanaamia ndege, maana kweleakwelea wakishuka kwa saa moja wanamaliza kazi ya mwaka mzima. Baada ya mavuno kuna jando kwa wavulana. Siku ya mnada nusu ya darasa imekwenda kuuza au kuangalia. Septemba hadi Novemba ni foleni ya maji, na wasichana ndio wanaobaki kwenye foleni.

Kwa kuwa unajua hayo, panga. Vipindi vya kusoma viwe vya kwanza asubuhi, kabla njaa haijakaza. Siku ya mnada fanya marudio, usianze herufi mpya. Kama kuna nafasi ya uji shuleni, sukuma jambo hilo wakati wa mavuno, mtu anapokuwa na debe la kutoa, na lipite kwenye kamati ya shule na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016, kwa hiyo mchango wa chakula ni makubaliano ya wazazi. Mtoto ambaye kwao hawakutoa usimrudishe nyumbani.

Mtoto akikosa siku tatu, nenda kwao jioni. Usiende na rejista mkononi. Nilimfuata baba mmoja ambaye mwanawe alikuwa anachunga. Nilikaa kwenye kigoda, nikasalimia, tukaongea habari za malisho hadi giza likaingia. Nilipoondoka ndipo aliposema, "Nina wawili. Mmoja atakuja asubuhi, mwingine atakuja keshokutwa." Walipokezana hivyo hadi Agosti. Nilimfundisha kila mmoja nusu ya wiki, na wao wakafundishana porini. Si utaratibu ulioandikwa popote, lakini wote wawili walifika M.

Mambo ya kukuharibia

Kiboko. Kanuni za 2002 zinasema adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Wewe wa kujitolea usishike fimbo kabisa. Wenzako wakikuambia darasa la watu mia halitulii bila fimbo, waonyeshe wimbo wako, wasipoona usibishane ofisini.

Wasichana. Anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na hiyo ni sehemu ya mwisho tu ya maafa. Ukiwa mwanamume kijana, mwanafunzi asije kwako kuchota maji, kufua, wala kuleta daftari. Masomo ya ziada yawe darasani, mlango wazi, wakiwa wengi. Ukiona mwenzako anakiuka, mwambie Mwalimu Mkuu. Ikiwa ni yeye, mwambie Afisa Elimu Kata.

Pesa. Usikusanye hata shilingi mia mkononi mwa mtoto. Wazazi wakiamua kukupa posho au debe la karanga, iwe kwenye muhtasari wa kamati. Kuku wa zawadi mpokee kwa mikono miwili, na uwaambie wenzako ofisini.

Ahadi. Usiahidi madawati, wafadhili wala ufadhili wa masomo. Na picha za watoto wenye nguo zilizochanika usizirushe mtandaoni. Mama zao wana simu.

Kilabuni nenda kama utapenda, rudi mapema.

Kuondoka

Wapo wanaoondoka kimyakimya Ijumaa. Waambie watoto wiki mbili kabla, na wazazi kwenye mkutano. Wiki ya mwisho pima wote upya, kila mtoto, kwa boksi lilelile la mwanzo. Daftari la ngazi, kadi, mafungu ya vijiti, mkabidhi mwalimu anayepokea darasa, mkiwa mmekaa pamoja mkipitia jina kwa jina: huyu asikae nyuma, haoni vizuri, huyu na ndugu yake wanapokezana, huyu akinyamaza ana njaa. Chumba kikabidhi kikiwa kimefagiliwa, na deni la dukani lilipe kabla hujaaga, kwa kuwa mwenye duka ni mjumbe wa kamati ya shule, au shemeji yake.

Barua ya uthibitisho iombe mapema, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, madarasa na masomo, saini na muhuri. Usingojee siku ya kufunga shule. Mimi nilingojea, Mwalimu Mkuu akawa amekwenda likizo na muhuri uko kabatini, na ikanibidi nirudi Januari kwa lile gari la alasiri, nilale, na niamkie la alfajiri kwa ajili ya karatasi moja.